Kina Yohana wa Droo ya Tatu

Mwezi uliopita nilikwenda kupima macho. Binti wa dirishani aliniuliza jina, nikamwambia Zuhura, akabonyeza mashine yake, akabonyeza tena, kisha akaniambia kwa upole, "Bibi, humu humo."

"Mwanangu, mbona nimesimama mbele yako?"

"Nakuona, bibi. Lakini kwenye mashine humo."

Nikamwambia ajaribu Zuhra. Hakuna. Ajaribu Zahara. Hakuna. "Basi jaribu Zuhula." Nikatokea, pamoja na umri wangu na macho yangu mabovu yote mawili. Binti alicheka mpaka akajipangusa machozi, akauliza nimejuaje. Nikamwambia hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na kama ana nafasi siku moja nitamweleza. Hakuwa na nafasi, foleni ilikuwa ndefu. Kwa hiyo namwandikia yeye, na ninyi wenzake mnaokaa madirishani sasa, mkiwaandikisha wagonjwa, wanafunzi au wapiga kura. Kazi yenu naijua. Watu huiona ndogo. Si ndogo hata kidogo, na nitawaambia kwa nini naijivunia mpaka leo.

Mimi ni mzaliwa wa Shinyanga mjini. Baba yangu alikuwa fundi cherehani kutoka Pangani, aliyepanda treni akiwa kijana na kushuka alipochoka. Mama yangu alikuwa Msukuma wa Samuye. Nyumbani tuliongea Kiswahili cha baba, na tukienda kwa bibi tuliongea Kisukuma, kwa hiyo nilikua nikijua kwamba kila kitu kina majina mawili, na mimi mwenyewe nikiwemo. Kwa baba nilikuwa Zuhura. Kwa bibi nilikuwa Zuhula, maana Wasukuma wa kwetu hawana haja kubwa na ile sauti ya R, wanaigeuza L na maisha yanaendelea.

Mwishoni mwa miaka ya sitini nilipata kazi ya ukarani katika hospitali moja ya upande wa machimbo, njia ya kwenda Geita. Wenyeji wataijua bila mimi kuitaja. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mgonjwa anakuja dirishani, unamwandikia kadi, daktari anajaza ugonjwa na dawa, kadi inarudi kwako unaiweka kabatini. Mgonjwa akija tena, hata baada ya miaka mitano, unaitoa kadi ile ile. Hapo kwenye "kuitoa" ndipo kazi ilipo. Kuweka kadi kabatini hata mbuzi anaweza.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Petro Magembe. Yeye alikuwa karani tangu enzi za mgodi mkubwa wa Wazungu, kabla haujafungwa. Pale mgodini walimwandika Peter. Padri alimwandika Petrus kwenye kitabu cha ubatizo. Mwarabu mwenye duka alimwita Butrusi, na mke wake, wakiwa wamegombana, alimwita Petelo kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Hukasiriki?" nilimuuliza siku zangu za mwanzo.

"Nikasirike nini? Wote wananitafuta mimi. Nitakasirika siku nisipoitwa kabisa."

Mimi sikuwa hivyo. Nilikuwa nimetoka shule na mwandiko mzuri, na niliamini kwamba kila jina lina umbo moja lililo sahihi na mengine yote ni uvivu wa ulimi. Mgonjwa akiniita Zuhula, namsahihisha. "Zuhura." Mgonjwa anasema, "Ndiyo, Zuhula." Mzee Magembe alikuwa akiinamia kadi zake, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Sasa sikilizeni nilivyojifunza. Alikuja mama mmoja na mtoto mwenye homa. Akasema jina lake ni Lozalia. Nikaandika Rozalia, kwa herufi nzuri zenye mikia. Zamu yake ilipofika nikatoka barazani nikaita, "Rozalia! Rozalia!" Hakuna aliyeinuka. Nikaita mara tatu, nikaweka kadi chini, nikaita wengine. Saa nane mchana mama yule alikuwa bado amekaa pale pale, mtoto amelala mapajani, jasho linamtoka. Mzee Magembe akaichukua kadi mkononi mwangu, akasimama mlangoni, akaita taratibu, "Lozalia ng'wana Masanja!" Mama akainuka mara moja.

"Mayu, mama, mbona ulikuwa kimya wakati unaitwa?" nilimuuliza, tena kwa ukali kidogo.

"Nilisikia wanamwita mwingine," akasema. "Nikamwonea huruma. Nikasema, huyo Rozalia ataikosa zamu yake."

Mzee Magembe hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, andika uzuri wako wote, lakini kando yake andika jina anavyolisikia mwenyewe. Mtu haitikii karatasi."

Tangu siku ile kadi zangu zote zilikuwa na mistari miwili. Mstari wa juu jina la serikali, mstari wa chini jina la mdomoni. Ninyi wenye mashine, kama mashine yenu ina nafasi ya mstari wa pili, itumieni. Kama haina, wasumbueni wakubwa wenu mpaka iwepo.

Huyo huyo Lozalia anafaa kuwafundisha jambo jingine. Neno ng'wana kwa Kisukuma ni mwana wa fulani. Lozalia ng'wana Masanja ni Lozalia mtoto wa Masanja. Tulipokuja kupanga upya kabati, nilimkuta mama huyu ana kadi nne. Karani wa kwanza alimwandika Rozalia Masanja. Wa pili alimwandika Rozalia Mwanamasanja, kana kwamba hilo ni jina moja. Wa tatu, mtu wa Ujiji, Mwislamu mwenzangu, alimwandika Rozalia binti Masanja, maana ndivyo tulivyozoea sisi. Na mmoja, sijui alikuwa na haraka gani, alimwandika Mwana Masanja, Lozalia mwenyewe akaachwa nje. Wanawake wanne kabatini, na mgonjwa ni mmoja. Kila daktari aliyemtibu alimwona ni mgeni.

Wengine wanadhani jina la Kisukuma ni sauti tu. Si hivyo. Ni habari, na karani mwerevu huisoma. Akija Shija, unajua waliomtangulia tumboni ni mapacha, maana mtoto anayefuata mapacha ndiye Shija. Basi unamuuliza, "Kulwa na Doto wako wapi?" Atakwambia mmoja ameolewa Kishapu, mwingine yuko Nkome anaanika dagaa, na hapo umeshampata Shija wako kati ya kina Shija thelathini. Akija Kabula, alizaliwa mvua ikinyesha. Akija Nyanzala, alizaliwa wakati wa njaa. Hajui mwaka wake wa kuzaliwa? Usimwandikie mwaka wa kubuni. Muulize njaa ipi. Njaa wazee wanazikumbuka zote kwa majina, na umri wa mtu unatoka hapo bila yeye kubuni wala wewe kubuni.

Mzee Magembe alikuwa na daftari. Daftari la kawaida la shule, jalada limefunikwa kwa gazeti. Humo alipanga majina kwa ukoo. Ukurasa wa Petro na ndugu zake wote, ukurasa wa Paulo, ukurasa wa Elizabeti ambaye alikuwa na watu wengi kuliko kijiji: Elisabeti, Lisabeti, Beti, Zabeti. Mwanzoni nililicheka. Siku moja akanisukumia daftari akasema, "Wewe umesoma chuo cha Kurani. Hapa kwa Yohana, nani sijamweka?"

Nikatazama. Nikaandika: Yahya.

"Ndiye huyu huyu?"

"Ndiye. Mtoto wa Zakaria, aliyezaliwa wazazi wake wakiwa wazee."

Mzee Magembe alinitazama kama mtu aliyeambiwa jirani yake ni shemeji yake. Kuanzia hapo tukaandika majina mawili mawili. Yeye upande wa kushoto, mimi upande wa kulia. Yakobo na Yakubu. Yona na Yunusi. Eliya na Iliyasi. Sulemani alikuwa wetu sote, hakuhitaji mstari. Daktari wetu mgeni alipoliona daftari, naye akaomba kalamu. Kwao Yohana anaitwa Johannes, na akiwa rafiki yako anaitwa Hans. Akaongeza Jan, akaongeza Ivan, akaongeza Juan, akasema hawa wa mwisho hawatakuja lakini wawepo tu.

Daktari huyo mwenyewe jina lake lilikuwa Gerhard. Hakuna mgonjwa hata mmoja aliyelitamka hivyo. Aliitwa Daktari Gelehadi kutoka Geita mpaka ziwani. Mwaka wa kwanza aliwasahihisha, kama mimi. Mwaka wa tatu nilimsikia akijitambulisha kwa mgeni kutoka mkoani, ananyoosha mkono, anasema, "Gelehadi." Mzee Magembe akaninong'oneza, "Huyo sasa amefika."

Niwaambie sasa siku ambayo daftari lile lilifanya kazi kubwa kuliko zote. Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea mwisho. Mzee Magembe alikuwa ameshastaafu, amerudi kwao Kishapu kulima pamba, na dirisha lilikuwa langu.

Ilikuwa mchana wa siku ya mnada, baraza imejaa. Wachimbaji wanne wakaingia wamebeba mwenzao kwenye kitanda cha kamba. Jiwe lilikuwa limemponda mguu ndani ya duara, yaani shimo lao la kuchimbia, siku nne nyuma. Walikuwa wamemfunga kwa nguo, wamempaka majani, wakangoja. Mguu ulikuwa umevimba kama kisiki na harufu yake ilitangulia kabla yao. Mgonjwa mwenyewe alikuwa anaweweseka kwa homa. Ukimuuliza, anakujibu habari za maji na kamba.

"Jina lake?" nikauliza.

"Joni," akasema mmoja wao, mrefu, Mkurya kwa lafudhi.

"Joni nani?"

Wakatazamana. "Joni tu, mama. Kule hatuulizani."

Hilo nilikuwa nalijua. Watu wa maduara miaka ile walichimba kwa kujificha, na jina la machimboni lilikuwa kama shati la machimboni, mtu analivaa akifika na kulivua akiondoka. Nikaandika Joni. Nesi akawa ameshaandaa sindano.

Hapo akaingia mwanamke mbio, kanga imefungwa kiunoni, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. "Msimchome! Msimchome kwanza! Angalieni kadi yake!"

Alikuwa mke wake. Aliitwa Mama Limi, kwa jina la binti yao wa kwanza. Alieleza huku akihema. Mume wake alishatibiwa hospitali hii hii zamani, kabla hawajahamia machimboni, wakati yeye yuko kwao amejifungua huyo Limi. Alipewa dawa ikamkataa. Uso ulivimba, pumzi ikakatika, nusura afe. Aliporudi nyumbani alimwambia mke wake kwamba daktari wa zamu alimwandikia kwenye kadi asipewe tena.

"Dawa gani?" Daktari Gelehadi akauliza.

"Sijui, baba. Alisema siku ile alipewa sindano na vidonge pamoja. Hakujua ni kipi."

 Wiki ile gari la dawa lilikuwa halijafika. Stoo ilikuwa na penisilini ya sindano na salfa ya vidonge, basi. Daktari akanivuta pembeni.

"Bi Zuhura, moja itamponya na moja itamuua, na mimi sijui ipi ni ipi. Nisipompa yoyote, mguu utamuua wenyewe. Naomba kadi. Nitamsafisha kidonda kwa nusu saa. Zaidi ya hapo siwezi kungoja."

Nikarudi kwa Mama Limi. "Mama, mume wako nyumbani anaitwa nani?"

"Baba Limi."

"Na kabla ya Limi?"

"Shija. Na ubatizo Yohana."

Moyo wangu ukatulia kidogo. "Yohana nani? Baba yake aliitwa nani?"

Akafunika mdomo kwa kanga. Macho yakajaa machozi. 

"Mama, sema!" Yule Mkurya akapaza sauti. "Mumeo anakufa, wewe unaona haya?"

"Siwezi."

"Huwezi nini? Mwanamke gani hajui ukoo wa mumewe? Miaka yote hii ulikuwa unapikia nani?"

"Anajua," nikamwambia. "Nyamaza wewe, baba. Anajua sana."

Maana mimi nilikuwa nimekwisha kuelewa. Baba wa mume ni mkwe, na mwanamke wa Kisukuma aliyelelewa vizuri hatamki jina la mkwe wake. Hatamki akiwa na hasira wala akiwa na raha. Mama yangu mzazi aliolewa na mtu wa Pangani, mkwe wake hakumwona hata siku moja, na bado mpaka anaingia kaburini alimwita "yule wa pwani". Sasa Mama Limi alikuwa anaambiwa alitamke, mume wake akiwa amelala pale, nusu mfu. Kwake yeye hilo lilikuwa kama kumsukuma shimoni.

Hapa, wanangu, ndipo makarani wengi huharibu. Ukimbana mtu aseme jina asiloweza kulisema, hatalisema. Atakutajia jingine lolote ili umwache, nawe utakwenda kabatini kumtafuta mtu ambaye hayupo. Mkwe mwenyewe, Mama Limi aliniambia, alikuwa Samuye, na watu wa huko siku ile hakukuwa na yeyote barazani. Niliuliza.

Nikamshika mkono Mama Limi nikamwingiza ndani masjala, nikafunga mlango. Nikamkalisha kwenye kiti changu.

"Nyumbani kwenu," nikamwambia kwa Kisukuma, "watu wengine wakilitaja jina la mzee, wewe unafanyaje?"

"Napiga goti. Nainamisha uso."

"Vizuri. Basi leo hutasema neno. Mimi nitasoma. Nikilitaja lile, fanya kama uko nyumbani."

Akanitazama. Akaitikia polepole kwa kichwa.

Nikaitoa droo ya tatu nzima nikaiweka mezani. Kina Yohana walikuwa wengi, wamejaa mpaka droo inakwama. Nikaanza. "Yohana Makoye. Yohana Masele. Yohana Bundala. Yohana Lugata." Nikisoma, namtazama yeye, si kadi. Amekaa wima, mikono mapajani. Nikamaliza Yohana wote. Hakuna.

Nikachukua Yohani. Hawa walikuwa wachache, wa parokia moja tu. Hakuna. Nikachukua John, wale walioandikwa kwa Kizungu enzi za mgodi. "John Maduhu. John Kwabi." Hakuna. Joni, Johanesi. Hakuna. Nikapitia kina Shija wote, kwa kuwa alisema nyumbani ni Shija. Hakuna.

Mlango ukagongwa. "Bi Zuhura?" ilikuwa sauti ya daktari.

"Bado."

"Dakika kumi. Baada ya hapo itabidi nichague."

Mama Limi akaanza kulia bila sauti. Mimi nikafungua daftari la Mzee Magembe kwenye ukurasa wa Yohana nikapitisha kidole. Yohana, Yohani, John, Johannes, Hans. Na pale chini kulia, kwa mwandiko wangu mwenyewe wa zamani, Yahya.

"Mume wangu si Mwislamu," akasema Mama Limi aliponiona naenda droo ya pili.

"Najua. Kaa tu."

"Yahya Salumu," nikasoma. "Yahya Juma. Yahya Abdala. Yahya Ramadhani." Kisha nikakuta kadi ambayo mwanzo wake ni wa upande wa baba yangu na mwisho wake ni wa upande wa mama yangu. "Yahya Luhende."

Nikasikia magoti yake yakigusa sakafu.

Sikuikimbilia kadi. Hili nalo mlishike: jina linakufikisha kwenye kadi, lakini mwili ndio unaothibitisha. Wapo kina Luhende wengi duniani. Nikasoma chini. Kwao Samuye. Kovu la kuungua, bega la kushoto. Nikatoka mbio, nikafika kwenye kitanda, nikamwambia nesi avute shati. Kovu lilikuwepo, pana kama kiganja. Ndipo nikampa daktari kadi. Kwa wino mwekundu iliandikwa: PENISILINI IMEMKATAA. ASIPEWE TENA.

Sindano iliyokuwa tayari kwenye sinia ilikuwa penisilini.

Ikaondolewa. Akapewa salfa, mguu ukapasuliwa na kusafishwa, na usiku huo na siku zilizofuata wakamwangalia kwa zamu. Alipoteza vidole viwili vya mguu. Mguu wenyewe ulibaki, na yeye mwenyewe alibaki.

Mimi nilirudi masjala nikaketi na ile kadi. Jina la Yahya Luhende pale juu lilikuwa limeandikwa kwa herufi nzuri zenye mikia. Zangu. Nilikumbuka polepole. Mwaka wangu wa kwanza kazini, kabla ya siku ile ya Lozalia, mzee mmoja wa Nkome, mfanyabiashara wa dagaa, mtu wa mjini mwenye kanzu na heshima zake, alimleta kijana aliyekuwa akimfanyia kazi. Mzee yule aliwaita kina Yohana wake wote Yahya, kwa mapenzi tu. Nilimuuliza yeye, "Jina la kijana?" Akasema Yahya. Kwa masikio yangu jina lilikaa vizuri, nikaandika. Kijana mwenyewe alikuwa amekaa pale kwenye benchi, macho wazi, anaweza kusema. Sikumuuliza. Na yeye hakuthubutu kumkosoa bosi wake.

Nawaambia kosa hili kwa sababu nataka mjue kwamba fahari niliyo nayo haikutokana na kutokosea. Nilikosea, na kosa langu lilikaa kabatini miaka yote hiyo likimngoja mtu. Ninachojivunia ni kwamba tulikuwa tumejenga njia ya kulifikia. Mzee Mkristo wa Kishapu, binti wa Kiislamu wa Shinyanga mjini na daktari aliyekubali kuwa Gelehadi walikaa mezani wakauliza, huyu kwenu mnamwitaje? Nilimwandikia Mzee Magembe barua nikamweleza yote. Alinijibu mistari miwili: kwamba pamba mwaka huu ni nzuri, na kwamba amewasomea barua yangu watu wote wa nyumbani kwake mara mbili.

Siku Yohana alipokaribia kuruhusiwa, nilikwenda wodini na kadi mpya, tupu, na kalamu. Mke wake alikuwa ameketi chini karibu na kitanda, anamenya viazi vitamu.

"Baba Limi," nikamwambia, "nataka jina lako."

Akacheka. "Unataka lipi, Bi Zuhula?"

"Nataka yote."

"Yote? Itatosha hiyo kadi?"

"Nina kadi nyingi. Sema."

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Shija nyumbani. Yohana kanisani. Joni kwa wale jamaa wa maduara, na akaniomba hilo niliandike kwa herufi ndogo. Yahya kwa yule mzee wa Nkome, Mungu ampe maisha marefu. Nikayaandika yote, moja chini ya jingine, naye anatazama kalamu inavyokwenda. Kisha nikamuuliza la baba yake. Alipolitaja, Mama Limi aliweka kisu chini akainamisha uso. Nikaliandika mwisho, kubwa kuliko mengine.

Nilipokuwa nafunga kalamu, Mama Limi akaniita. "Umeliandika na lile?"

"Nimeliandika."

"Nioneshe."

Hakujua kusoma. Nikamwonesha kwa kidole. Akafuta mikono yake kwenye kanga, akaishika kadi kwa pembeni, akalitazama lile neno kwa muda mrefu, midomo imefungwa. Kisha akanirudishia.

"Wabeja," akanishukuru. "Basi siku nyingine msiniulize mimi. Iulizeni kadi."